Zana za Bure kwa Mbunifu wa Tovuti: Uliza Kwanza Bei ya Kutoka



Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na vijana wa huku kwetu Nyalenda ni hili: "Nataka kujifunza kutengeneza tovuti, lakini sina pesa. Nianze na programu gani ya bure?" Jibu la haraka ni kwamba zana za bure zipo tele, na baadhi yake zinashinda zile za kulipia. Uliza Google, utapewa orodha ya zana 50, hata 100. Shida yangu na orodha hizo ni kwamba zinachanganya vitu vya aina mbili ambavyo havifanani hata kidogo. Ukichagua aina isiyofaa unaweza kufanya kazi miaka 3, halafu ukaamka asubuhi moja huna hata ukurasa wa kumwonyesha mteja.

Kwa hiyo leo sitaweka orodha tu. Nina maoni, tena makali kidogo, na mnaruhusiwa kunipinga.

Tuanze na lugha, maana hapa Kiswahili kimewazidi wenzetu. Wanaozungumza Kiingereza wana neno moja tu, free, ambalo hulitumia kwa kitu kisicho na bei na pia kwa kitu chenye uhuru. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka wa 1983, watu wa programu hizo wamekuwa wakieleza tena na tena kwamba wanazungumzia uhuru, bei ni jambo jingine. Sisi hatuna haja ya maelezo hayo yote. Tuna "bure" na tuna "huru". Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa katika mradi wa Kilinux walizungumzia "programu huria", na mwaka wa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumpigia mtu magoti. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, wakakaa chini wakatafsiri.

Na tukumbuke kwamba "bure" kwetu ina maana ya pili. Kazi bure. Maneno ya bure. Wazee walijua jambo fulani hapo.

Sasa shukeni nami mpaka Dunga, hapo chini ya Nyalenda, ufuoni. Kijana anayeanza uvuvi hana mashua wala nyavu. Anakuja mnunuzi anamwambia, chukua nyavu zangu, chukua na mafuta ya injini, usinilipe kitu. Ila samaki utaniletea mimi, kwa bei yangu. Wanaoishi kando ya ziwa hili wanaujua mpango huo vizuri, hasa katika biashara ya mbuta. Nyavu zilikuwa za bure kweli, hakuna aliyedanganywa. Bei inaonekana siku ile kijana anapotaka kumuuzia mtu mwingine.

Zana nyingi za "bure" za kutengeneza tovuti ni nyavu za namna hiyo. Unaingia bila kulipa, unavuta picha hapa, unaweka maandishi pale, baada ya saa 2 una tovuti nzuri. Lakini tovuti hiyo inaishi ndani ya kampuni moja tu. Huwezi kuitoa ukaipeleka kwingine. Ndiyo maana nasema, kabla hujafungua akaunti yoyote, acha kuuliza bei ya kuingia. Uliza bei ya kutoka.

Kuna kijana hapa mtaani, fundi mzuri kabisa, aliyetengeneza tovuti 3 kwa njia hiyo: ya nyumba ya wageni, ya shule ya chekechea na ya chama cha akina mama. Kampuni aliyoitumia (nisiitaje) ilimwandikia barua pepe kwamba mpango wa bure unakwisha, ana siku 30 za kuanza kulipa kwa dola, kila tovuti peke yake. Akanipigia simu: "Omera, hebu nionyeshe mahali pa kubonyeza ili niitoe hii kitu." Tulitafuta jioni nzima. Hapakuwa na mahali pa kubonyeza. Mwishowe alikaa akinakili maandishi ukurasa baada ya ukurasa, na picha akazipiga upya kwa simu. Mwenye nyumba ya wageni hakungoja, alitaka arudishiwe pesa zake. Wa kumlaumu kijana ni nani? Alifuata orodha.

Msidhani ni mkosi wa mtu mmoja. Yahoo ilifunga GeoCities mwezi wa Oktoba 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaenda. Zilizobaki ni zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzihifadhi. Heroku, ambapo wanafunzi wengi wa programu waliweka miradi yao ya kwanza, ilifuta mpango wake wa bure tarehe 28 Novemba 2022. Glitch iliacha kuhifadhi tovuti za watu Julai 2025. Na mnakumbuka majina ya bure ya .tk, .ml na .ga? Vijana wengi walianza nayo. Freenom, kampuni iliyokuwa ikiyatoa, iliacha kusajili majina mapya mwaka wa 2023 baada ya kushtakiwa na Meta, na 2024 ikatangaza kwamba inaiacha biashara hiyo. Gabon nao waliichukua tena .ga yao mwaka wa 2023, na mamilioni ya majina yakafutwa. Jina ulilolichapisha kwenye kadi zako za biashara, likaondoka hivyo hivyo.

Sasa linganisheni na haya. Adobe ilikuwa na kihariri kizuri cha msimbo kiitwacho Brackets, ikaacha kukihudumia Septemba 2021. GitHub ilikuwa na Atom, ikakifunga Desemba 2022. Vyote viwili vilikuwa huria. Ikawaje? Watu walichukua msimbo wa Atom wakaendelea nao kwa jina la Pulsar. Brackets nayo ilipata warithi, na leo kuna Phoenix Code. Aliyekuwa akitumia Atom siku ya kufungwa hakupoteza hata faili moja, maana faili zake zilikuwa kwenye mashine yake, tena za maandishi ya kawaida. Wamiliki wa pande zote mbili walichoka kwa namna ile ile. Wateja wa upande mmoja walilia, wa upande wa pili wakaendelea na kazi.

Haya, tuje kwenye zana zenyewe.

Mashine kwanza. Wengi wetu tunanunua laptopu za mtumba, na hapo kuna jambo jipya: Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikubaliwi na Windows 11. Usiitupe. Weka Linux Mint, ile ya XFCE, mashine itakimbia kama imezaliwa upya. Kama huna laptopu kabisa, una simu ya Android, kuna kihariri huria kiitwacho Acode. Kuandika HTML kwa vidole gumba ni adhabu, sikatai, lakini ukurasa ulioandikwa kwenye simu ni ukurasa kamili.

Kihariri cha msimbo. Notepad++ imekuwepo tangu 2003, haifiki MB 10 kuipakua, na kwa mwanafunzi wa Windows inatosha mwaka mzima wa kwanza. Kwenye Linux tumia Geany. VS Code ya Microsoft ni nzuri, ndiyo ninayoiona kwa wenzangu wengi kazini, lakini inafika karibu MB 100 na kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 utaisikia ikihema. Kama unataka ile ile lakini iliyojengwa na jamii kutoka msimbo wake huria, tafuta VSCodium. Nawaomba sana wanaoanza: andikeni HTML na CSS kwa mkono, angalau miezi 3. Najua inachosha. Lakini faili ya HTML uliyoiandika leo itafunguka kwenye kivinjari chochote, bila akaunti na bila nywila, hata miaka 20 ijayo. Ukurasa wa kwanza kabisa wa Tim Berners-Lee bado unafunguka mpaka leo.

Picha na michoro. GIMP ni ya kuhariri picha, Inkscape ni ya kuchora nembo. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi, na ile lawama ya zamani kwamba huwezi kurekebisha athari ukishaiweka sasa imepungua sana. Hapa najua mtanijia juu: "Lakini kila mtu anatumia Photoshop!" Kila mtu anatumia Photoshop iliyovunjwa, tuseme ukweli. Tangu 2013 Adobe iliamua matoleo mapya yawe ya kukodi kila mwezi, na kijana wa Nyalenda hana dola za kila mwezi. Basi anachukua nakila ya wizi kwenye flashi ya rafiki, ndani yake kuna virusi, na akiajiriwa ofisi yenye kufuata sheria anaambiwa aache. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuna vyuo vidogo mjini vinavyofundisha kwa nakala hizo hizo na bado vinatoza karo. Unamlipisha mtoto wa watu ili umfundishe kutumia kitu cha wizi, ilhali GIMP iko pale, halali, na leseni yake inakuruhusu kuinakili na kumpa darasa zima!

Kuhusu Figma, nitawakubalia nusu. Ni zana nzuri, matangazo ya kazi ya Nairobi yanaitaja, na anayetaka kuajiriwa kwenye timu ya ubunifu lazima aijue. Ifunzeni. Ila kumbukeni kwamba Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 20, na kwa miezi 15, hadi mpango ulipovunjika Desemba 2023 kwa sababu ya wadhibiti wa Ulaya na Uingereza, hakuna mtumiaji aliyejua bosi wake mpya atakuwa nani. Ukimaliza kazi ndani ya Figma, itoe kama SVG na PDF, uiweke kwako. Na ijaribuni Penpot, ambayo ni huria na michoro yake imejengwa juu ya SVG na CSS zile zile za wavuti.

Kuna gharama moja ambayo orodha za Marekani haziitaji kamwe: bando. Zana inayofanya kazi mtandaoni tu unailipia kila saa unayoitumia, hata kama akaunti imeandikwa bure. Inkscape unaipakua mara moja, unaiweka kwenye flashi, unawapa watu 10, na hakuna anayenunua bando tena kwa ajili yake. Kwa hesabu ya mfuko wa mtu wa Nyalenda, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti zote za ubora zinazobishaniwa mtandaoni.

Ndiyo maana hata kwa masomo napendelea yale yanayoweza kukaa kwenye mashine. MDN ya Mozilla, iliyoanza 2005, ndiyo kamusi ya HTML, CSS na JavaScript ninayoiamini kuliko zote, na kupitia DevDocs unaweza kuihifadhi ndani ya kivinjari ukaisoma mtandao ukiwa umezima. freeCodeCamp ilianza 2014, haitozi hata senti, inatoa vyeti, na sehemu ya masomo yake imetafsiriwa kwa Kiswahili. Halafu kuna Kiwix, ambayo naona haijulikani vya kutosha huku kwetu. Hii ni programu ya kusomea tovuti nzima zilizofungwa ndani ya faili moja: Wikipedia, Stack Overflow, vitabu. Mtu mmoja akipakua mahali penye mtandao mzuri, kijiji kizima kinasoma. Shule yenye kompyuta 5 na bila intaneti inaweza kuwa na maktaba ya programu kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi nikisoma kwenye saiba, dakika zikihesabiwa.

WordPress inahitaji aya yake, kwa sababu huku wateja wakisema "tovuti" mara nyingi wanamaanisha WordPress bila kujua. Imekuwepo tangu 2003, ni huria, na kwa hesabu za W3Techs inaendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani. Tofautisheni mambo mawili. Kuna huduma ya WordPress.com, ambapo wao ndio wenye nyumba. Na kuna programu yenyewe, unayoipata WordPress.org, ambayo unaiweka kwenye seva yoyote unayotaka. Jifunzeni hii ya pili. Ukiwa na XAMPP kwenye laptopu yako utajenga tovuti nzima ya mteja bila hata MB moja ya intaneti, kisha siku ya mwisho unaipeleka hewani. Siku mwenye seva akikusumbua, unachukua mafaili na hifadhidata yako unahama.

Sasa mahali pa kuweka tovuti. Kwa tovuti ya kurasa za kawaida, GitHub Pages imekuwepo tangu 2008 na haitozi kitu. Mtasema, "Lakini si GitHub ni ya Microsoft tangu 2018? Nao wakifunga je?" Wanaweza, sina mkataba nao. Lakini pima hasara. Tovuti yako ni folda ya mafaili ya HTML, nakala unayo, ukihama leo jioni kesho asubuhi iko hewani kwingine. Kutegemea kampuni kwa namna hiyo hakunisumbui. Cheti cha usalama, kile kinacholeta kufuli kwenye anwani, kilikuwa cha kununuliwa. Tangu Let's Encrypt ilipofunguliwa kwa watu wote Desemba 2015 kinatolewa bila malipo. Mtu akikutoza kwa cheti cha kawaida cha tovuti ya kawaida, muulize anakuuzia nini hasa.

Na sasa jambo ambalo halitawafurahisha katika makala ya zana za bure: jina la tovuti lipieni. Jina la .co.ke, lililo chini ya KeNIC, hugharimu shilingi elfu moja hivi kwa mwaka kutegemea wakala. Hiyo ndiyo pesa pekee ninayomwambia anayeanza atoe, na ailipe kabla ya kulipia kozi yoyote. Ukiwa na jina lako unaweza kubadilisha seva mara 5 na mteja wa chipsi wa Ring Road asijue kitu kimetokea. Lisajili kwa jina la mteja mwenyewe, tafadhali. Wapo mafundi wanaosajili majina ya wateja kwa majina yao ili kuwashika, na hao sioni wana tofauti gani na yule wa nyavu.

Kidogo kuhusu picha: Wikimedia Commons ina picha nyingi zenye leseni wazi, soma tu masharti ya kila moja. Unsplash pia watu wanaipenda, ila ilibadilisha leseni yake mwaka wa 2017 na tangu 2021 ni mali ya Getty Images. Mimi nasema toka nje na simu yako. Hoteli ya samaki ya Kisumu yenye picha ya Wazungu wakitabasamu mezani na kikombe cha kahawa, jamani, inachekesha. Piga ngege akiwa kwenye sahani na kuon pembeni. Halafu ipunguze picha kabla ya kuipakia, Squoosh inafanya kazi hiyo vizuri. Wateja wako wanafungua tovuti kwenye simu, wengine kwa Opera Mini kwa sababu ya kubana bando, na picha ya MB 4 ni kuwanyang'anya pesa mfukoni. Firefox na Chrome zina zana za ndani za kuonyesha jinsi ukurasa unavyopakia kwenye mtandao wa polepole. Zitumieni kabla mteja hajazigundua kasoro mwenyewe.

Na akili bandia, maana najua mnaingoja. Ndiyo, leo ChatGPT na wenzake wanaweza kukuandikia ukurasa kwa sekunde chache. Sina ugomvi nao, mimi pia nawauliza. Wakikupa HTML unayoweza kuisoma, kuihifadhi na kuirekebisha mwenyewe, vizuri. Zile huduma zinazokutengenezea tovuti "kwa akili bandia" kisha zikaifungia kwao, hizo ni nyavu za Dunga zilizopakwa rangi mpya.

Kuna wanaoamini kwamba zana huria ni za kujifunzia tu, kazi kubwa inataka vitu vya kununua. Mwezi wa Januari 2008, wakati nchi inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na Kisumu ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, watu wachache waliokuwa wakiandika na kuunda programu mtandaoni, akina Ory Okolloh, David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, walisimamisha Ushahidi kwa muda wa siku chache tu. Watu wakatuma habari kutoka walipokuwa, zikaonekana kwenye ramani. Baadaye msimbo wake ukafunguliwa kwa kila mtu, na 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mwisho, kwa walio karibu. Nina flashi ya GB 64 yenye Linux Mint, Notepad++, Geany, VSCodium, GIMP, Inkscape, XAMPP, WordPress, na Kiwix pamoja na mafaili yake kadhaa. Yote yana leseni zinazoruhusu kunakiliwa. Ukiwa Nyalenda A au B, au hata Manyatta, njoo Jumamosi baada ya saa nane na flashi yako isiyopungua GB 32. Kama stima itakuwepo, kunakili ni kama dakika 40. Virusi visafisheni huko huko nyumbani kwanza, tafadhali.